Je, Ninunue Kifurushi Kinachoniruhusu Kuachia Usukani?

Barua ya msomaji

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mwenyeji wa Morogoro, na kwa miaka mingi sasa ninaishi na familia yangu Minnesota, Marekani, ambako ninafanya kazi ya uuguzi kwa zamu za usiku. Gari letu la sasa limechoka, na mimi na mume wangu tumekubaliana kununua gari la umeme, kwa sababu safari zangu hazibadiliki wiki hadi wiki na umeme wa nyumbani utatugharimu kidogo kuliko petroli. Kuhusu aina ya gari hatuna ugomvi. Ugomvi ulianza pale muuzaji alipotuwekea mezani vifurushi vya mifumo ya kumsaidia dereva.

Kifurushi cha kwanza kimo ndani ya bei ya gari: breki ya dharura inayojifunga yenyewe gari linapokaribia kugonga, taa ya tahadhari kwenye vioo vya pembeni pale gari jingine linapokuwa mahali ambapo dereva halioni, na usukani unaotetemeka ukivuka mstari bila kuwasha indiketa. Cha pili kinaongeza mfumo unaoshika mwendo na kuacha nafasi nyuma ya gari la mbele, pamoja na ule unaoliweka gari katikati ya njia yake, ilimradi mikono ibaki kwenye usukani. Cha tatu, ambacho ndicho kilichouteka moyo wangu, kinamruhusu dereva kuachia usukani kabisa kwenye barabara kuu ambazo kampuni imekwisha kuziingiza katika ramani zake, huku kamera ndogo ikimtazama macho kuhakikisha bado anaangalia mbele. Hiki kinalipiwa takriban dola 2,500 mara moja, au dola 50 kila mwezi. Muuzaji anasema bei hiyo ya mkupuo itadumu hadi mwisho wa mwezi tu.

Mume wangu anasema kifurushi cha kwanza kinatosha, na kwamba cha tatu ni anasa ya watu wasio na wategemezi. Pesa zenyewe ni za upatu tunaocheza wanawake wa kanisani kwetu, na zamu yangu ya kupokea imefika. Yeye angependa fundi aje atufungie chaja ya ukutani, kwa kuwa chaja inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida huchukua muda mrefu mno kujaza betri, hasa wakati wa baridi kali. Hoja yake ina mantiki, nami sikatai.

Lakini kuna jambo ambalo yeye halijui. Safari yangu ya kurudi nyumbani asubuhi huchukua karibu saa moja: sehemu kubwa ni barabara kuu ya I-94, halafu naingia barabara nyembamba ya mashambani yenye kulungu wanaokatiza ovyo. Majira ya baridi yaliyopita, nikitoka zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili, niligutushwa na mngurumo wa tairi kwenye michirizi iliyochongwa pembezoni mwa lami. Nilikuwa nimesinzia. Sikugonga kitu wala mtu, na nilifika salama, lakini tangu siku hiyo nalitazama gari kwa hofu. Sijamwambia mume wangu kwa sababu najua ataniambia niache zamu za usiku, na malipo ya usiku ndiyo yanayolipa ada za wadogo zangu nyumbani.

Ndiyo maana nikakiona kifurushi cha tatu kama jibu la maombi. Nikisinzia, angalau gari litashika njia yake lenyewe. Kisha kuna kijana wetu wa kwanza, mwenye miaka 17, aliyepata leseni mwaka huu na atakayekuwa akilitumia gari hili mwishoni mwa wiki. Nilifikiri kifurushi kikubwa kitamlinda yeye pia. Mume wangu anasema mtoto akizoea gari linalojiendesha hatajua kamwe kuendesha.

Mama, je, ni vibaya kutumia pesa za upatu kwa ajili ya usalama wangu? Na nifanyeje na mume ambaye anaona tunabishania anasa?

Wako,
Muuguzi wa Usiku, Minnesota

Jibu la mshauri

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kazi. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nilipoisoma niliona kwamba ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja kiasi kwamba hata ninyi wawili nyumbani mnashindwa kuyatenganisha. La kwanza ni uchaguzi wa vifurushi, ambao ni suala la vifaa na pesa. La pili ni usingizi unaokujia barabarani asubuhi. Mume wako anajadili lile la kwanza peke yake, kwa sababu ndilo analolijua, ilhali wewe unajadili la pili kwa kutumia maneno ya la kwanza. Si ajabu basi kwamba hamfikii mwafaka.

Niruhusu nianze na vifurushi vyenyewe, kwa sababu nadhani umekubali bila kuhoji kwamba kilicho ghali zaidi ndicho kilicho salama zaidi. Wahandisi wa magari huipanga mifumo hii katika ngazi sita, kuanzia sifuri hadi tano. Kifurushi chako cha pili na cha tatu, pamoja na tofauti kubwa ya bei, vyote viko katika ngazi ya pili. Maana yake ni kwamba gari linasaidia kuongeza mwendo, kufunga breki na kukata kona, lakini dereva ndiye anayeangalia barabara wakati wote na ndiye anayewajibika jambo likiharibika. Kuachia mikono hakubadilishi wajibu huo hata kidogo. Gari la kuuzwa kwa watu wa kawaida ambalo linamruhusu dereva kuacha kuangalia barabara ni nadra sana: Mercedes-Benz ilipata idhini ya mfumo wa ngazi ya tatu katika majimbo ya Nevada na California mwaka 2023, na hata huo ulikuwa wa barabara kuu kwenye foleni, kwa mwendo usiozidi maili 40 kwa saa.

Sasa tazama ushahidi. Marekani kuna taasisi inayogharamiwa na kampuni za bima, IIHS, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikilinganisha kumbukumbu za ajali za magari yenye mifumo hii na yale yasiyo nayo. Imeona kwamba breki ya dharura inayojifunga yenyewe hupunguza ajali za kugonga gari la mbele kwa takriban asilimia 50. Tahadhari ya gari lililojificha pembeni hupunguza ajali za kubadilisha njia kwa takriban asilimia 14, na ile ya kuvuka mstari hupunguza ajali za kutoka njiani kwa takriban asilimia 11. Vyote hivi, mwanangu, vimo katika kifurushi cha kwanza, kile ambacho hamlipii ziada. Kuhusu mifumo ya kushika mwendo na kukaa katikati ya njia, taasisi hiyo hiyo ilitoa matokeo mwaka 2024, baada ya kuchunguza magari ya BMW na Nissan, na haikupata ushahidi wa kuridhisha kwamba inazuia ajali. Inapunguza uchovu wa mguu na mkono katika safari ndefu, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyesimama wodini usiku kucha. Lakini ni faraja, na faraja hupimwa kwa mizani tofauti na usalama.

Hata breki ya dharura ina mpaka wake, na mpaka huo unakuhusu wewe hasa. Utafiti wa IIHS wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba breki zinazotambua waendao kwa miguu zilipunguza ajali za kuwagonga kwa takriban asilimia 27 kwa jumla, lakini gizani, mahali pasipo taa za barabarani, tofauti haikuonekana. Kama kamera haimwoni vizuri binadamu gizani, sidhani ni busara kuikabidhi kulungu wa mashambani kwenu katika alfajiri za Desemba.

Nimefika penye kiini. Uliandika kwamba ukisinzia, angalau gari litashika njia yake lenyewe. Ningekuomba uisome tena sentensi hiyo kwa macho ya muuguzi. Mgonjwa akiunganishwa na mashine ya kupima mapigo ya moyo, ninyi hamwondoki wodini wote mkalale, kwa sababu mashine inapiga kelele ili mtu aliye macho aje. Kamera inayotazama macho ya dereva imewekwa kwa sababu hiyo hiyo: mfumo unahitaji mtu aliye macho, awe tayari kushika usukani ndani ya sekunde chache. Ukifumba macho, gari litakulilia, na usipoitikia, mengi ya magari ya namna hii hupunguza mwendo, na mengine husimama kabisa, pengine katikati ya njia, huku malori yakija kwa nyuma.

Mwezi Machi 2024, IIHS iliipima mifumo 14 ya ngazi hii kuona jinsi kila mmoja unavyohakikisha dereva hazembei. 11 ilipewa alama ya chini kabisa, na mmoja tu ndio uliofikia kiwango cha kukubalika. Mwezi uliofuata, mamlaka ya serikali kuu ya usalama barabarani, NHTSA, ilifungua uchunguzi kuhusu mfumo wa BlueCruise wa kampuni ya Ford, ambao unaruhusu kuachia mikono kama huo unaoutamani, baada ya ajali mbili zilizoua watu huko Texas na Pennsylvania. Ajali zote mbili zilitokea usiku, na katika zote mbili gari liliyagonga magari yaliyokuwa yamesimama barabarani. Sikutajii haya ili nikutishe wala ili niichafue kampuni yoyote. Mfumo huo una watumiaji wengi wanaoufurahia. Nakutajia kwa sababu usiku na gari lililosimama ghafla mbele yako ni mambo unayoweza kukutana nayo njiani kwenda na kutoka kazini.

Kuna pia hatari isiyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Mwili uliokesha, ukipewa kiti cha kustarehe, joto, barabara iliyonyooka na mikono isiyo na kazi, hulala upesi zaidi. Leo kinachokuzuia kusinzia, japo kwa shida, ni ile kazi ndogo ndogo ya kurekebisha usukani.

Utafiti mmoja uliofanyika Massachusetts na kuchapishwa mwaka 2016 ungefaa usomwe na ninyi wawili. Wafanyakazi 16 wa zamu za usiku waliendesha gari kwa saa mbili katika uwanja uliofungwa, mara moja baada ya kulala usiku na mara nyingine wakitoka zamu moja kwa moja. Baada ya kulala, hakuna aliyekaribia kupata ajali. Baada ya zamu, sita walinusurika kugonga, na safari za watu saba zilikatizwa kabla ya muda kwa sababu hawakuweza tena kulidhibiti gari. Hawakuwa wazembe, mwanangu. Nataka uliweke hilo moyoni, maana nahisi unaona aibu kwa jambo ambalo ni la mwili tu.

Hata hivyo, sitaki ufikiri kwamba naking'oa kifurushi cha tatu mikononi mwako, kwa kuwa kina hoja zake. Kamera inayotazama macho hugundua mapema kuliko mfumo unaopima tu kama mkono umegusa usukani, na kwa mtu anayeanza kusinzia bila kujijua, kelele ya mapema inaweza kuwa ya thamani kubwa kuliko kule kuachia mikono kwenyewe. Kabla ya kuamua, muulize muuzaji swali hili: je, kamera hiyo inafanya kazi hata kama dereva hajalipia kuachia mikono? Katika baadhi ya magari, tahadhari ya dereva anayesinzia ni sehemu ya vifaa vya msingi. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa gari lenu, basi kile unachokihitaji zaidi huenda tayari kimo ndani ya bei, na dola 2,500 zingekuwa zinanunua tu ruhusa ya kuachia usukani. Ikiwa sivyo, hesabu inabadilika, na hoja yako mbele ya mume wako inapata nguvu.

Pima pia barabara yako. Mifumo ya kuachia mikono hufanya kazi kwenye barabara kuu zilizomo katika ramani ya kampuni. I-94 yaelekea imo, lakini ile barabara nyembamba ya mwisho, unapoingia ukiwa umechoka kuliko wakati wote, kwa kawaida haimo, na hapo gari litakurudishia usukani kwa ghafla. Na majira ya baridi ya Minnesota huifunika mistari ya barabara kwa theluji, huku chumvi na barafu vikiziba kamera na rada, na mfumo hujizima. Ukilipa kwa mwezi, utakuwa ukilipia kifaa ambacho katika miezi unayokihofia zaidi kitakuwa likizo mara kwa mara.

Kuhusu malipo yenyewe, nina mashaka na hiyo haraka ya mwisho wa mwezi. Bei za programu za magari hazina tabia ya kupanda tu. Tesla iliuza kifurushi chake kikubwa nchini Marekani kwa dola 15,000 mwaka 2022, ikakishusha hadi dola 12,000 mwaka 2023 na dola 8,000 mwezi Aprili 2024, na katika mwezi huo huo ada ya kila mwezi ikashuka kutoka dola 199 hadi 99. Waliolipa ule mkupuo wa dola 15,000 ndio waliolipa zaidi. Malipo ya mara moja pia kwa kawaida hukaa na gari, hayamfuati mtu, kwa hiyo gari likigongwa au likiuzwa, pesa za upatu zimekwenda nalo. Malipo ya mwezi yanakuacha huru kujaribu wakati wa kiangazi na kuacha, ingawa nayo yana mtego wake, kwani dola 50 ni ndogo kiasi cha kusahaulika kwenye kadi, na kampuni inaweza kuzipandisha. Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni kioo cha mbele: kamera nyingi hukaa nyuma yake, na kioo kikipasuliwa na kokoto, kukibadilisha huhitaji kamera kupimwa na kupangwa upya, gharama ambayo bima nyingine huilipa na nyingine huikwepa. Hilo linahusu vifurushi vyote vitatu, basi mpigie simu wakala wa bima kabla ya kutia saini.

Kijana wenu nina maneno machache kumhusu. Hofu ya baba yake si ya kizamani. Dereva mpya hujifunza kukadiria umbali na mwendo kwa kufanya, na mfumo unaomfanyia humnyima mazoezi, wakati breki ya dharura hukaa kimya hadi pale anapokosea. Magari mengi humruhusu mwenye gari kufungua wasifu wa kila dereva au kuzima baadhi ya mifumo, kwa hiyo uchaguzi wako na uchaguzi wake si lazima uwe mmoja.

Lakini hakuna kifurushi, mwanangu, kinachojibu swali la asubuhi ile. Kuna njia ndogo ambazo wauguzi wenzako hutumia: kulala dakika ishirini au thelathini ndani ya hospitali kabla ya kuwasha gari, kupeana zamu ya kuendesha na mwenzako anayekaa upande wenu, kuuliza kama idara ina chumba cha kupumzikia, au kuomba zamu za usiku zisipangwe mfululizo. Kila moja ina gharama yake. Usingizi wa dakika ishirini utakuchelewesha kuwaona watoto kabla hawajaenda shule, na kuomba mabadiliko ya zamu kunaweza kukupunguzia malipo ambayo wadogo zako wanayategemea. Mimi siwezi kukupimia kutoka hapa lipi linabebeka.

Kuhusu mume wako, sidhani kwamba anabishania anasa. Anabishania kile alichoonyeshwa. Unahofia akijua atakuambia uache zamu za usiku, na huenda akasema hivyo kweli, kwa hofu, siku ya kwanza. Lakini ukimwendea na jambo zima, yaani kilichotokea, ada za wadogo zako, na zile njia ndogo ulizokwisha kuzifikiria, atakuwa na zaidi ya neno moja la kujibu. Ukiendelea kuficha, kuna hatari ya aina nyingine: ukikipata kifurushi cha tatu bila yeye kujua sababu, hatajua kukuuliza asubuhi kama umelala kidogo kabla ya kuondoka. Ukikikosa, utabaki na kinyongo ambacho yeye hataelewa kimetoka wapi. Hata hiyo chaja ya ukutani huenda ikaonekana tofauti mkiizungumza kwa uwazi, kwa sababu gari linalojaa haraka wakati wewe umelala mchana ni gari ambalo halitakulazimisha kusimama kituo cha kuchaji saa moja asubuhi ukiwa hoi.

Kabla ya mwisho wa mwezi, mwombeni muuzaji awape gari mlijaribu jioni giza likiwa limeingia, siku ambayo wewe umelala vya kutosha. Endesheni njia yako halisi kuanzia hospitali hadi mlangoni kwenu, mume wako akiwa kwenye usukani nawe pembeni, na mtazame ni wapi mfumo unajizima, ni wapi unamlilia, na unamrudishia usukani akiwa umbali gani kutoka nyumbani. Kisha mbadilishane. Ukipenda, niandikie mlichokiona, na kama ulipata nafasi ya kumweleza yale mengine mkiwa njiani.